Majilio Nyumba kwa Nyumba: Imani, Familia na Dhima ya Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo katika Mazingira ya Ndama, Karagwe

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna kipindi cha Majilio kinavyounganisha imani, familia na ujirani katika maisha ya waamini Wakatoliki wa Karagwe, kwa kuzingatia mazingira ya kata ya Ndama iliyomo katika Jimbo Katoliki la Kayanga. Hoja kuu ni kwamba uzito wa Majilio vijijini hauko altareni peke yake. Uko pia katika Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo, ambazo hubeba dhima mbili zinazovutana: kuwa familia inayompokea mtu na kuwa bawabu anayemtambulisha mtu huyo mbele ya parokia. Kwa kurejelea historia ya jumuiya katika lililokuwa Jimbo la Rulenge, masomo ya liturujia ya Majilio na Sheria za Kanisa za mwaka 1983, makala inaonesha kwamba dhima ya ubawabu ina msingi halali, lakini hupoteza maana yake inapogeuzwa kuwa ukaguzi wa michango na mahudhurio. Majilio yenyewe yanatoa kipimo cha kuzipatanisha dhima hizo mbili.

1.0 Utangulizi

Ndama ni mojawapo ya kata za Wilaya ya Karagwe, Mkoa wa Kagera. Karagwe ni nchi ya vilima virefu na mabonde, yenye migomba, kahawa na maharage. Wenyeji wake wa asili ni Wanyambo, ingawa kwa muda mrefu wameishi pamoja na Wahaya na watu wa jamii nyingine. Mwaka 2012 sehemu ya wilaya hiyo ilitengwa na kuwa Wilaya ya Kyerwa. Kikanisa, wilaya zote mbili zimo katika Jimbo Katoliki la Kayanga, lililoundwa mwaka 2008 kwa kumegwa kutoka Jimbo la Rulenge.

Maandishi mengi kuhusu Majilio hukieleza kipindi hiki kwa upande wa liturujia: rangi, masomo, nyimbo na ibada. Maelezo hayo ni ya lazima, lakini hayatoshi kumweleza mtafiti kwa nini mama mmoja wa kijijini huingia katika Majilio kwa furaha na jirani yake kwa hofu, ilhali wote wawili wanasikiliza Injili ileile. Tofauti hiyo haielezwi na kitabu cha Misa. Huelezwa na nafasi ya kila mmoja katika jumuiya: mmoja ni mwanajumuiya anayetambuliwa, mwingine yuko mlangoni hajui kama atafunguliwa.

Makala hii inachunguza mlango huo. Inaanza na maana ya Majilio, inaeleza asili ya jumuiya katika eneo hili, kisha inafafanua mwenendo wa kipindi chenyewe katika nyumba. Baada ya hapo inajadili hali ya familia na kuhitimisha kwa mjadala kuhusu jumuiya kama bawabu.

2.0 Majilio: Neno, Kalenda na Masomo

2.1 Neno

Kilatini hutumia adventus, neno lenye maana ya kufika. Waswahili Wakatoliki wanasema Majilio. Neno hili linatokana na kitenzi cha kuja kupitia umbo la jilia, lenye kauli ya kutendea. Kauli hiyo humhusisha mtendewa: anayejilia humjilia mtu. Kwa hiyo neno la Kiswahili halitaji kufika tu bali humkumbusha msikilizaji kwamba kuna anayejiliwa. Palipo na mgeni pana mwenyeji, na palipo na mwenyeji pana nyumba inayopaswa kuandaliwa. Maana hiyo ni ya karibu sana na maisha ya kijijini, ambako kumpokea mgeni ni wajibu wa nyumba nzima.

2.2 Kalenda

Majilio huanza kwa Masifu ya Jioni ya kwanza ya Jumapili iliyo karibu zaidi na tarehe 30 Novemba, na huisha kabla ya Masifu ya Jioni ya kwanza ya Noeli. Jumapili ya kwanza huangukia kati ya tarehe 27 Novemba na 3 Desemba, hivyo urefu wa kipindi ni siku 22 hadi 28. Rangi yake ni zambarau, na utenzi wa Utukufu hauimbwi siku za Jumapili, ijapokuwa Aleluya huendelea kuimbwa. Jambo hili la pili ni muhimu: tofauti na Kwaresima, Majilio ni toba iliyochanganyika na furaha, na Jumapili ya tatu huidhihirisha furaha hiyo kwa kuruhusu rangi ya waridi.

Kipindi kina sehemu mbili. Hadi tarehe 16 Desemba liturujia hutazama ujio wa Kristo mwishoni mwa nyakati. Kuanzia tarehe 17 hadi 24 Desemba huelekeza macho Betlehemu. Mpangilio huu huwafanya waamini waanze na hukumu kabla ya kufika kwenye hori. Kwanza huulizwa wamekaaje, ndipo waoneshwe nani anakuja.

2.3 Masomo

Masomo ya Jumapili huzunguka kwa miaka mitatu, A, B na C. Jumapili ya kwanza husisitiza kukesha. Katika Mwaka B husomwa Marko 13:33–37, mfano wa mtu aliyesafiri na kuwaachia watumwa wake kazi, kila mmoja na yake, huku bawabu akiagizwa akeshe. Jumapili ya pili ni ya Yohane Mbatizaji na kutengeneza njia. Jumapili ya tatu ya Mwaka C husomwa Luka 3:10–18, ambapo makutano, watoza ushuru na askari wanamuuliza Yohane wafanye nini. Majibu yake yote yanahusu mali na jirani: kanzu, chakula, ushuru na mshahara. Jumapili ya nne ya Mwaka A husomwa Mathayo 1:18–24, habari ya Yosefu aliyekuta mchumba wake ana mimba. Masomo haya yatarejelewa katika sehemu ya sita.

3.0 Asili ya Jumuiya katika Eneo Hili

Wamisionari wa Afrika, wanaojulikana pia kama Mapadre Weupe, walifungua misheni ya Kashozi karibu na Bukoba mwaka 1892. Kutoka ukanda wa Ziwa Viktoria imani ilienea kuelekea magharibi, na kama ilivyokuwa kwingineko, kazi ya kila siku ya kufundisha ilibebwa na makatekista. Padre alikuwa mgeni wa vipindi. Katekista alikuwa jirani. Hali hiyo iliwazoeza waamini tangu mwanzo kuona Kanisa kuwa jambo linaloendeshwa pia na walei nyumbani kwao.

Mwaka 1960 majimbo ya eneo hili yalipangwa upya kwa majina: Jimbo la Rutabo likawa Bukoba, na lililokuwa Bukoba likawa Rulenge. Karagwe ilibaki upande wa Rulenge. Mwaka 1969 Christopher Mwoleka alifanywa askofu wa Rulenge, nafasi aliyoishika hadi mwaka 1996. Mwoleka alikuwa miongoni mwa maaskofu waliojulikana zaidi Afrika Mashariki kwa kujaribu kuuishi ujamaa kwa mtazamo wa Injili. Alijiunga na kijiji cha ujamaa cha Nyabihanga, akashiriki maisha na kazi za wanakijiji. Katika maandishi yake alishikilia kwamba fumbo la Utatu Mtakatifu halikutolewa ili litatuliwe kama kitendawili, bali ni kielelezo cha kushirikishana ambacho binadamu wanaitwa kukiiga. Mwaka 1976 yeye na Joseph Healey, mmisionari wa Maryknoll, walihariri kitabu kuhusu uhusiano wa ujamaa na jumuiya za Kikristo.

Juhudi hizo zilikutana na uamuzi mpana zaidi. AMECEA, muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki, katika mkutano wake wa mwaka 1973 uliona kwamba maisha ya Kanisa yajengwe juu ya jumuiya ndogo za mahali, na mwaka 1976 ukalifanya jambo hilo kuwa kipaumbele cha kichungaji. Sinodi ya Afrika ya mwaka 1994 iliweka msingi wa kiteolojia kwa kuliita Kanisa Familia ya Mungu, na Papa Yohane Paulo II akalithibitisha hilo katika hati Ecclesia in Africa ya mwaka 1995.

Historia hii inaeleza jambo moja la msingi. Jumuiya za eneo hili hazikuzaliwa kama ofisi ndogo za parokia. Zilizaliwa kama jaribio la kushirikishana maisha. Kazi za utambulisho na ukusanyaji wa michango zilifuata baadaye, kadiri parokia zilivyokua na kuhitaji muundo unaofika hadi kwenye nyumba.

4.0 Majilio katika Nyumba

4.1 Majira

Majilio huangukia katika mvua za vuli. Maharage yaliyopandwa mwanzoni mwa msimu yako karibu kuvunwa au yameanza kuvunwa, na fedha za kahawa, ambayo msimu wake mkuu ni katikati ya mwaka, mara nyingi zimekwisha kutumika kwa ada na madeni. Novemba na Desemba ni wakati wa senene, chakula kinachothaminiwa sana Kagera na zawadi ya heshima kwa ndugu walio mbali. Shule hufungwa, wanafunzi wa bweni hurudi, na watoto wa familia wanaofanya kazi Mwanza, Dar es Salaam au kwingineko huanza safari za kuja kula Noeli nyumbani.

Hivyo kungoja kwa kiliturujia hukutana na kungoja kwa kawaida. Mzazi anayesali ili Bwana aje anasali pia ili mwana aje. Kwa upande mmoja mlingano huu huisaidia imani, kwa kuwa muumini halazimiki kufundishwa kungoja ni nini. Kwa upande mwingine una hatari: furaha ya ndugu kurudi, vyakula na nguo mpya vinaweza kuifunika sehemu ya kwanza ya Majilio, ile inayouliza mtu amekaaje.

4.2 Mkutano wa jumuiya

Muundo wa kawaida wa parokia nchini hushuka kutoka parokia hadi kigango, kisha kanda, na hatimaye jumuiya yenye familia chache zinazokaa jirani. Jumuiya huwa na mwenyekiti, katibu, mweka hazina na wanaoshughulikia liturujia, malezi na wahitaji. Hukutana kila juma kwa zamu, nyumba kwa nyumba. Vyama vya kitume kama WAWATA kwa wanawake, VIWAWA kwa vijana na Utoto Mtakatifu kwa watoto huwa na ratiba zao, lakini jumuiya ndiyo inayowakutanisha wote chini ya paa moja.

Katika Majilio mkutano huo hupata sura maalumu. Nyumba yenye zamu hufagiliwa mapema, mkeka au viti huazimwa kwa jirani, meza ndogo hutandikwa kitambaa na kuwekwa Biblia, msalaba na mshumaa. Injili ya Jumapili inayokuja husomwa, waliohudhuria hushirikishana walivyoielewa, kisha hufuata maombi, sadaka na matangazo. Katika matangazo hutajwa wagonjwa wa kutembelewa, watoto wa kubatizwa, wanaojiandaa kwa ndoa, siku ya kitubio na zamu ya usafi kanisani. Kuanzia tarehe 16 Desemba waamini wengi husali novena ya Noeli, na mikutano huweza kuwa ya kila siku.

Zamu hiyo ya nyumba ina maana kubwa kuliko inavyoonekana. Jumuiya inapoingia katika nyumba ya mtu huiona hali yake halisi: paa linalovuja, mgonjwa aliyelala chumba cha pili, mtoto aliyeacha shule. Mwenye nyumba huwa mwenyeji, hata awe maskini kuliko wote. Kwa saa moja nyumba hiyo ni kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano katika hati Lumen Gentium ya mwaka 1964 uliiita familia Kanisa la nyumbani; mkutano wa jumuiya huifanya kauli hiyo ionekane kwa macho.

4.3 Kitubio na upatanisho

Majilio ni wakati wa foleni ndefu za kitubio. Padre huzungukia vigango ili waamini waungame kabla ya Noeli. Hata hivyo, dhambi nyingi za kijijini zina mtu wa pili: mpaka wa shamba uliosogezwa, mbuzi aliyekula maharage ya jirani, urithi uliogawanywa kwa upendeleo, neno lililosemwa katika pombe. Maungamo humpatanisha mtu na Mungu na Kanisa, lakini jirani anabaki ng'ambo ya mgomba akingoja kuombwa radhi. Injili ya Mathayo 5:23–24 inataka upatanisho na ndugu utangulie sadaka.

Hapa ndipo wazee wa jumuiya hushika nafasi. Pande mbili hukutanishwa nyumbani, mara nyingi mbele ya wazee wa ukoo pia, na wanaohusika si lazima wote wawe Wakatoliki. Katika ukoo mmoja wa Karagwe huweza kuwapo Wakatoliki, Walutheri wa Dayosisi ya Karagwe na Waislamu. Walutheri nao huadhimisha Majilio, na wote huzika pamoja. Upatanisho unaofanyika katika Majilio kwa hiyo una faida inayovuka mipaka ya parokia.

5.0 Familia Inayongoja

Mahubiri ya Noeli huonesha familia ya watu watatu: baba, mama na mtoto. Familia za Kagera ni za sura nyingi zaidi. Wagonjwa wa kwanza wa Ukimwi waliothibitishwa nchini Tanzania waliripotiwa mkoani Kagera mwaka 1983, na katika miaka iliyofuata ugonjwa huo uliwaondoa wazazi wengi wa rika la kulea. Bibi na babu wakawa wazazi kwa mara ya pili, na watoto wakubwa wakawalea wadogo zao. Wengi waliolelewa hivyo leo ni wazazi wenyewe. Jumuiya nyingi zilijifunza utume wao si darasani bali katika kulima shamba la mjane na kulala kwenye msiba.

Pamoja na hayo, zipo familia za mzazi mmoja, familia ambazo baba anafanya kazi mbali na huja mara moja kwa mwaka, na familia za wenzi walioishi pamoja miaka mingi bila kufunga ndoa kanisani. Sababu za hali hii ya mwisho ni nyingi: mahari haijakamilika, gharama za sherehe zinaogopesha, mmoja wa wenzi si Mkatoliki, au mwanamume ana mke mwingine. Kwa sheria ya Kanisa hali hizi si sawa. Wenzi ambao hawana kizuizi chochote isipokuwa hofu ya gharama wako tofauti kabisa na mwenye ndoa nyingine iliyo hai. Lakini katika mazungumzo ya kijijini wote huweza kuitwa kwa jina moja: hawajabariki.

Majilio huzidisha uzito wa hali hizo. Noeli ni sikukuu ya watoto, na wazazi wengi hupenda ubatizo wa mtoto ufanyike wakati huo, ndugu wakiwa nyumbani. Hapo ndipo familia ambayo mwaka mzima ilikaa kimya inapolazimika kubisha hodi.

6.0 Jumuiya kama Bawabu

6.1 Uhalali wa utambulisho

Katika parokia nyingi nchini, anayeomba ubatizo wa mtoto, ndoa au mazishi ya Kikristo hutakiwa kutambulishwa na viongozi wa jumuiya yake. Utaratibu huu una sababu nzito. Parokoo mwenye vigango vingi hawezi kumfahamu kila muumini. Kanuni ya 529 ya Sheria za Kanisa inamtaka azitembelee familia na kushiriki mahangaiko yao. Jumuiya ndiyo inayomwezesha. Vilevile, kanuni ya 868 inataka ubatizo wa mtoto mchanga uwe na kibali cha mzazi mmoja angalau, na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika dini Katoliki. Nani anaweza kulishuhudia tumaini hilo kuliko majirani watakaomlea pamoja na wazazi wake?

Ipo pia sababu ya haki. Wale waliobeba jeneza, waliochota maji ya msiba na kuchanga kila juma wana kinyongo kinachoeleweka wanapomwona mtu anayeijua jumuiya siku ya shida yake tu. Kukipuuza kinyongo hicho ni kuwadharau waliovumilia.

6.2 Mahali utambulisho unapopotoka

Tatizo huanza pale barua ya utambulisho inapoacha kuwa ushuhuda na kuwa hati ya madeni. Mwisho wa mwaka ni wakati wa kufunga hesabu, na Majilio yako mwisho wa mwaka. Daftari la zaka, michango ya ujenzi na orodha ya mahudhurio huweza kufunguliwa siku ileile ambayo mama mdogo amekuja kuomba mwanawe abatizwe. Chukuliwe mfano wa binti aliyezaa nyumbani kwa wazazi wake, mwanamume akiwa amemkana. Hana fedha, aliona aibu kuhudhuria mimba ilipoonekana, na sasa anaambiwa alipe na kuhudhuria kwanza. Kilichomfanya asije ndicho kinachotumiwa kumzuia aingie.

Sheria za Kanisa hazimpi kiongozi wa jumuiya mamlaka hayo. Kanuni ya 213 inatambua haki ya waamini kupokea msaada wa kiroho kutoka kwa wachungaji wao, hasa Neno la Mungu na sakramenti. Kanuni ya 843 inawakataza wahudumu kuwanyima sakramenti wale wanaoziomba kwa wakati ufaao, wenye maandalizi yanayotakiwa na wasiozuiwa na sheria. Kanuni ya 868 haiweki ndoa ya wazazi kuwa sharti la ubatizo wa mtoto. Inaruhusu kuahirisha pale tu tumaini la malezi linapokosekana kabisa, na hata hapo wazazi waelezwe sababu. Binti wa mfano huu ana mama, ana bibi na ana majirani wanaosali. Tumaini halikosekani.

Kuhusu mazishi, kanuni ya 1184 inawataja wanaonyimwa mazishi ya Kikanisa wasipoonesha dalili yoyote ya toba kabla ya kufa: walioiasi imani waziwazi, wazushi na wafarakano, waliochagua kuchomwa miili kwa sababu zinazopinga imani, na wadhambi wa wazi ambao mazishi yao yangeleta kashfa kwa waamini. Penye shaka, Askofu wa mahali ndiye wa kuulizwa. Kutohudhuria jumuiya au kudaiwa michango hakumo katika orodha hiyo, na kanuni ya 18 inaagiza kwamba sheria zinazoweka adhabu au kubana haki zifasiriwe kwa wembamba. Familia iliyofiwa inapoambiwa kwamba marehemu hakuwa mwanajumuiya, anayeadhibiwa si marehemu tena. Ni mjane na watoto, mbele ya ukoo na majirani wa madhehebu mengine.

6.3 Kipimo kinachotolewa na Majilio

Picha ya bawabu katika Marko 13 inatoa kipimo kinachofaa. Bawabu wa mfano huo hakuwekwa ili kupunguza idadi ya wanaoingia. Anakesha kwa sababu bwana wa nyumba anarudi kwa saa isiyojulikana, na kosa lake lingekuwa kusinzia mtu anapofika. Kukesha kwake ni kwa ajili ya kufungua. Luka 12:36 inalisema jambo hilo wazi zaidi kwa kuzungumzia watumishi wanaomfungulia mara moja anayebisha.

Mfano wa Yosefu katika Jumapili ya nne ya Mwaka A unaongeza uzito. Mimba iliyoonekana nje ya utaratibu ilimweka mbele ya sheria na mbele ya macho ya watu. Alikuwa mwenye haki, na kabla ya kuelewa alikuwa ameazimia kumwacha Mariamu kwa siri asimwaibishe. Alipoelekezwa, alimchukua nyumbani kwake. Jumuiya inayosoma Injili hiyo katika nyumba ya jirani, kisha ikamwacha nje binti aliyezaa kabla ya ndoa, imesoma maneno bila kuyafuata. Hii haina maana kwamba mimba ya Mariamu na ya binti huyo zinalingana. Kinacholingana ni swali linalomkabili mwenye nyumba: kati ya kuaibisha na kupokea, achague lipi?

Masomo ya wiki nne yanaweza kuongoza utendaji. Wiki ya kwanza, ya kukesha, inafaa kwa kuhesabu waliokosekana mwaka mzima, si kwa lengo la kuwatoza bali la kujua waliko. Wiki ya pili, ya kutengeneza njia, inafaa kwa kuwatembelea; wakazi wa vilima vya Karagwe wanajua kwamba njia iliyobomolewa na mvua haijitengenezi, hutengenezwa na wanaoitumia. Wiki ya tatu, ya swali la makutano kwa Yohane, inafaa kwa kushirikishana kile kilichopo: maharage, nguo, ada, au kufuta deni la mchango la asiyeweza kulipa. Wiki ya nne inafaa kwa kupokea: kuandika barua za utambulisho zinazotaja majina ya majirani watakaosaidia malezi ya mtoto, na kuwaelekeza wenzi wasio na kizuizi kwa padre ili ndoa yao ifungwe kwa sherehe ndogo wanayoimudu.

Mwelekeo huu hauendi kinyume na mafundisho ya ndoa. Papa Yohane Paulo II katika Familiaris Consortio ya mwaka 1981 na Papa Fransisko katika Amoris Laetitia ya mwaka 2016 wote waliwataka wachungaji wapambanue hali za familia kwa makini badala ya kuzihukumu kwa jumla. Anayemjua mtu kwa jina na nyumba yake ndiye anayeweza kupambanua. Kwa hiyo udogo wa jumuiya, unaoweza kuifanya iwe kali, ndio uleule unaoweza kuifanya iwe na huruma.

7.0 Hitimisho

Makala imeonesha kwamba Majilio katika mazingira ya Ndama na Karagwe kwa jumla hukaa katika nyumba kama yanavyokaa kanisani. Kalenda ya Kanisa hukutana na majira ya vuli, kurudi kwa ndugu na kufungwa kwa hesabu za mwaka. Makutano hayo huifanya jumuiya ionekane kwa sura zake zote mbili, ya familia na ya bawabu. Imeonesha pia kwamba sura ya kwanza ndiyo iliyotangulia katika historia ya eneo hili, tangu juhudi za Askofu Mwoleka katika Jimbo la Rulenge, na kwamba Sheria za Kanisa zinaitambua haki ya muumini kwa upana kuliko inavyodhaniwa mara nyingi vijijini.

Mambo mawili yanahitaji kushughulikiwa na parokia. La kwanza ni kutenganisha kabisa daftari la michango na barua ya utambulisho, ili mweka hazina asiwe ndiye anayeamua ubatizo. La pili ni kuwafundisha viongozi wa jumuiya kanuni chache za msingi zilizojadiliwa hapa kwa Kiswahili chepesi, kabla ya Jumapili ya kwanza ya Majilio. Kwa watafiti, eneo lililo wazi ni kulinganisha vigango vya Karagwe na vya Kyerwa kuhusu namna viongozi wa jumuiya wanavyofikia uamuzi wa kumtambulisha au kutomtambulisha mtu, na sauti za wale waliowahi kukataliwa zipewe nafasi sawa na sauti za viongozi.

Anayejilia katika Majilio alizaliwa mahali ambapo wazazi wake hawakupata nafasi katika nyumba ya wageni. Jumuiya inayomngoja haina budi kuanza kwa kuuangalia mlango wake yenyewe.